Haiwaki, Haiwashiki, Haifunguki: Vitenzi vya Hitilafu katika Kuanza kwa Kompyuta ya Kupakata

0. UTANGULIZI

Katika mijadala ya istilahi za Kiswahili, suala la kompyuta limeshughulikiwa zaidi kwa upande wa majina. Kifaa chenyewe kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kile kinachosukumwa kwa mkono juu ya meza kimeitwa kipanya na puku. Kompyuta ndogo inayoweza kuwekwa mapajani imeitwa kompyuta ya kupakata, kompyuta mpakato na kipakatalishi, hali watumiaji wengi wakiendelea kusema laptopu. Kazi hiyo ya majina ina faida yake, na haikusudiwi kubezwa hapa. Lakini mtu ambaye kompyuta yake imekataa kuanza asubuhi, na ndani yake mna tasnifu isiyo na nakala mahali pengine, hasaidiwi na jina la kifaa. Fundi atakayempelekea anajua jina hilo. Asilolijua fundi ni kile ambacho mashini imefanya au imeshindwa kufanya, na hilo hubebwa na kitenzi.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi, pamoja na minyambuliko na nyakati zake, vinavyotosha kupambanua hitilafu za kompyuta inayoshindwa kuanza, na kwamba upambanuzi huo si pambo la usemi bali ni nusu ya utambuzi wa hitilafu yenyewe. Mifano imetungwa kwa kufuata usemi wa kawaida wa Kibokoni, mtaa ulioko katika Mji wa Kale wa Mombasa, usio mbali na Ngome ya Yesu. Upatanisho wa i- umetumiwa katika mifano hiyo kwa kuwa msemaji huwa na kompyuta, laptopu au mashini akilini. Yeye hasemi "hakiwaki" ila pale anapokusudia neno kipakatalishi.

1. MAHALI NA LUGHA YAKE

Mji wa Kale una nafasi ya pekee katika historia ya kuandikwa kwa Kiswahili. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliitegemea sana lahaja ya huko katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Mombasa pia ndipo ulipofanyika mkutano wa mwaka 1928 uliopendekeza Kiunguja, wala si Kimvita, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Msomaji anayezitambua lahaja atauona Umvita wa mahali hapa hata katika majina ya barabara: Ndia Kuu ni "njia kuu".

Mambo mawili ya usemi wa mahali hapa yana uhusiano na mada hii. La kwanza ni matumizi mapana ya wakati wa -a-. Msemaji wa Mji wa Kale husema "taa yawaka", "feni yazunguka", pale ambapo wengine wangesema "inawaka", "inazunguka". La pili ni msamiati wa nguvu inayoiendesha mashini. Nchini Kenya nguvu hiyo huitwa stima, neno lililotokana na neno la Kiingereza la mvuke. Neno hilohilo, katika umbo la sitima, liliipa pwani jina la meli. Neno umeme, kwa upande wake, ni jina la mmweko wa radi. Hivyo majina yote mawili yamehama kutoka mahali pengine: moja bandarini, jingine mawinguni. Kitenzi kinachotumiwa pamoja nayo, yaani waka, kimehama kutoka jikoni, kwa kuwa asili yake ni moto. Mhamo huu haujawatatiza wasemaji hata kidogo, na yafaa ukumbukwe tutakapofikia suala la istilahi.

2. HATUA ZA KUANZA KWA KOMPYUTA

Ili vitenzi vipambanuliwe, hapana budi kwanza tendo lenyewe lipambanuliwe. Mtumiaji huliona tendo la kuanza kama tendo moja: hubonyeza kitufe, akangoja, akaona picha aliyoizoea. Kwa hakika kuna hatua nne zinazofuatana, na kila moja huitegemea iliyotangulia.

Hatua ya kwanza ni ya stima. Nguvu hutoka katika soketi ya ukutani, ambayo nchini Kenya ni ya volti 240, ikapunguzwa na chaja hadi kiasi ambacho kwa kompyuta nyingi za kupakata ni karibu na volti 19 au 20, kisha ikaingia katika bodi na betri. Hatua ya pili ni ya ukaguzi. Programu ndogo iliyohifadhiwa katika bodi huamka kabla ya kitu kingine chochote, ikakagua kama kumbukumbu ya muda (ambayo mafundi huiita ramu), kioo, kibodi na sehemu nyingine zipo na zinaitika. Hatua ya tatu ni ya kupakia. Programu hiyohiyo huitafuta diski, ikaukuta humo mfumo endeshi, na mfumo huo ukaanza kuletwa kidogo kidogo kutoka katika diski hadi katika kumbukumbu. Hatua ya nne ni ya kumkaribisha mtumiaji: mfumo ukishapakiwa huomba neno la siri, ukafungua meza ya kazi.

Kiingereza kimelichukua jina la tendo hili kutoka katika kiatu. Taswira yake ni ya mtu anayejiinua mwenyewe kwa kuvuta kamba za buti zake, kwa kuwa mashini hutumia programu ndogo kujiletea programu kubwa. Taswira hiyo ni nzuri, ila ina kasoro moja: hulikusanya tendo zima katika neno moja. Mtu anayetamka kwamba mashini imeshindwa tendo hilo hajasema imeshindwa katika hatua ipi. Kiswahili, kwa kutokuwa na neno moja la namna hiyo, kimelazimika kutumia vitenzi vingi, na katika jambo hili upungufu huo ni utajiri.

3. VITENZI NA HATUA ZAKE

3.1 Waka na washa

Ichukuliwe jozi ifuatayo:

(1) a. Haiwaki.
    b. Haiwashiki.

Kitenzi waka hakihitaji mtendaji: moto huwaka, taa huwaka. Washa ni kauli yake ya kusababisha, na washika huundwa kutokana na washa kwa kiambishi cha kutendeka. Kwa hiyo (1a) hueleza hali ya mashini, na (1b) hueleza jaribio la mtu lililoshindikana. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kuonyesha kwamba umbo la kutendeka hubeba hali pamoja na uwezekano. Katika (1b) ni uwezekano unaokanushwa: mtu amejaribu, na kitufe hakikuitika.

Tofauti hii ina matokeo. Msemaji anayesema "haiwaki" kwa kawaida hajaona dalili yoyote ya uhai: hakuna taa, hakuna mvumo wa feni. Hapo uchunguzi uanze nje ya mashini. Soketi ijaribiwe kwa kuchomeka taa ya kawaida. Waya wa chaja ukaguliwe pale unapoingia katika kichwa chake, kwa kuwa ndipo unapokatika mara nyingi. Maandishi ya volti yaliyo juu ya chaja yalinganishwe na yaliyo chini ya kompyuta, hasa ikiwa chaja imeazimwa. Baada ya hapo mashini ichomolewe, betri itolewe kama ni ya aina inayotoka, na kitufe kishikiliwe kwa muda wa nusu dakika hivi ili mabaki ya nguvu yaliyonasa katika bodi yaishe. Kisha chaja pekee irudishwe. Mashini nyingi zilizodhaniwa zimekufa huamka kwa hatua hii isiyogharimu chochote.

Msemaji anayesema "haiwashiki" huenda anaiona taa ndogo ya chaji ikiwaka, lakini kitufe hakifanyi kazi. Hapo soketi na chaja haziwi tena washukiwa wa kwanza. Shaka huhamia kwenye kitufe chenyewe, utepe unaokiunga na bodi, au bodi. Katika mtaa ulio karibu na bahari kama Kibokoni, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kutu katika viungo vya shaba ni jambo la kutazamiwa, na kusafisha kiungo kwa uangalifu huweza kuwa ndiyo dawa nzima.

3.2 Waka bila kuona

Hatua ya pili haina kitenzi kimoja kilichoshika. Usemi wa kawaida huiunga kwa vitenzi viwili au vitatu, kama katika mazungumzo haya ya simu kati ya fundi na mteja wake mwalimu:

(2) Fundi: Maalim, ukibonyeza, taa yawaka?
    Mteja: Taa yawaka, feni yazunguka, lakini kioo ni cheusi.
    Fundi: Yalia?
    Mteja: Yalia mara tatu, yanyamaza, kisha yaanza tena.
    Fundi: Basi usiifungue, maalim. Niletee kama ilivyo.

Katika majibu mawili ya mteja huyu fundi amepata mambo manne: stima inaingia, bodi ina uhai, ukaguzi umeanza, na ukaguzi umekwama. Milio hiyo ni lugha. Kila mtengenezaji ameweka hesabu yake ya milio, au ya kumetameta kwa taa, inayoitaja sehemu iliyoshindwa, na ndiyo maana fundi huuliza idadi. Mara nyingi kosa huwa katika ramu iliyolegea au kushika vumbi. Kuichomoa na kuirudisha barabara, huku betri na chaja zikiwa zimeondolewa, huweza kuimaliza shida.

Ikiwa hakuna mlio na kioo ni cheusi, yafaa kuuliza kama mashini haionyeshi au haifanyi kazi. Mwanga wa tochi ukipitishwa juu ya kioo kwa mshazari, na picha hafifu ikaonekana, basi kompyuta imeanza vizuri na kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Kadhalika, kioo cha nje kikiunganishwa na kikaonyesha picha, bodi haina hatia. Mteja aliyesema tu kwamba kompyuta yake "haiwaki" katika hali hii amemdanganya fundi bila kukusudia, na huenda akajikuta analipia bodi mahali ambapo palihitajika kioo.

3.3 Pakia

Kitenzi pakia kimetoka katika vyombo vya baharini na wanyama wa mizigo. Kinyume chake, pakua, hutumika bandarini na jikoni vilevile, kwa shehena na kwa wali. Tafsiri za kompyuta zimevitumia vitenzi hivi viwili kwa kupandisha na kuteremsha faili, lakini katika mazungumzo ya ufundi pakia hufaa pia kwa hatua ya tatu:

(3) a. Inawaka, lakini haipakii mfumo.
    b. Inapakia, inafika nusu, inaganda.

Katika (3a) kioo huonyesha nembo ya mtengenezaji au maandishi yasemayo kwamba diski ya kuanzia haikupatikana. Jambo la kwanza ni kuangalia kama flashi imesahauliwa ubavuni mwa mashini, kwa kuwa mashini huweza kuwa imejaribu kuanza kutokana na flashi isiyo na mfumo. La pili ni kuingia katika mipangilio ya bodi na kutazama kama diski inatajwa humo. Ikitajwa, kosa laelekea kuwa la mfumo. Isipotajwa, laelekea kuwa la diski au kiungo chake.

Katika (3b) diski imeonekana na upakiaji umeanza, kwa hiyo faili za mfumo, au sehemu ya diski inayozibeba, ndizo zinazoshukiwa. Mfumo wa Windows wa siku hizi, ukishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, huleta wenyewe ukurasa wa urekebishaji, ambao humwezesha mtumiaji kurekebisha uanzaji, kurudi katika hali ya awali, au kuanza katika hali salama yenye programu chache tu. Lakini ikiwa diski ni ya aina ya zamani yenye sahani zinazozunguka, na inatoa sauti ya kugonga-gonga, majaribio yote yakome hapo. Kila jaribio jipya huzidi kuiumiza diski, na kilicho ndani yake huenda kina thamani kuliko kompyuta. Diski hiyo itolewe na isomwe katika mashini nyingine, na kilicho muhimu kinakiliwe kwanza kabla ya tengenezo lolote. Iwapo yaliyomo yamefichwa kwa msimbo wa usalama, hayatasomeka bila ufunguo wake, nao yafaa uwe umehifadhiwa mahali pengine mapema.

3.4 Fungua na funguka

Hatua ya nne ndiyo yenye utata mkubwa kuliko zote, kwa sababu ya wingi wa maana za kitenzi kimoja:

(4) Laptopu haifunguki.

Sentensi hii ina maana tatu zisizohusiana kiufundi. Huweza kuwa bawaba zimeshika na kifuniko hakiinuki. Huweza kuwa mfumo umepakiwa lakini meza ya kazi haifikiwi. Huweza kuwa neno la siri limekataliwa. Maana ya nne hujitokeza kwa fundi mwenyewe, ambaye kwake "kufungua" ni kutoa parafujo kwa bisibisi. Ndiyo sababu ya agizo lake katika (2), "usiifungue". Hapa Kiswahili hakikosi maneno, bali hukosa mazoea ya kuyatumia. "Kifuniko hakiinuki", "inakataa neno la siri" na "imepakia lakini haifiki mezani" ni sentensi ambazo kila msemaji anaweza kuzitunga. Mwalimu wa lugha ana nafasi ya kuyajenga mazoea hayo darasani.

4. KUZIMA NA MTENDAJI WAKE

Kitenzi zima kina tabia isiyo ya kawaida: hutumika kwa mtendaji na bila mtendaji pasipo kubadilika umbo. Husemwa "amezima taa" na pia "taa imezima". Juu ya hayo zipo kauli zilizonyambuliwa:

(5) a. Imezima.
    b. Imezimwa.
    c. Imezimika.
    d. Inajizima.

Sentensi (5a) haisemi lolote kuhusu chanzo. Sentensi (5b) inadai kwamba kuna aliyeizima, awe mtu au amri ya mfumo. Sentensi (5c) hueleza tukio lisilo na mtendaji, kama stima inapokatika na betri haina chaji. Sentensi (5d), yenye kirejeshi -ji-, huifanya mashini yenyewe kuwa mtendaji na mtendwa, na kiufundi usemi huu ni sahihi mno: kompyuta inayopata joto kupita kiasi hujizima kwa kusudi, ili isiungue. Mteja anayesema "inajizima baada ya dakika kumi" amekwisha kuielekeza shaka kwenye feni na vumbi. Anayesema "inajizima na kujiwasha, tena na tena" ameeleza mzunguko wa mfumo unaoshindwa kupakiwa na kuanza upya, au ramu yenye kasoro. Hawa wawili wangetumia neno moja, "imeharibika", fundi angelazimika kuanza na wote mahali pamoja.

Hapa pia pana zimia, yaani kupoteza fahamu, na lala. Mashini ya kupakata hulala kwa hakika: kifuniko kikishushwa, nguvu hupunguzwa huku kazi ikihifadhiwa katika kumbukumbu. Wakati mwingine hushindwa kutoka katika hali hiyo. Usemi unaofaa ni "haiamki", nao hautakiwi kuchanganywa na "haiwaki", ijapokuwa sauti zake zinakaribiana. Mashini isiyoamka huhitaji kitufe kishikiliwe hadi izime kabisa, kisha iwashwe upya; kazi isiyohifadhiwa hupotea, lakini mashini ni nzima.

5. NYAKATI KAMA USHAHIDI

Fundi anayesikiliza vizuri husikiliza viambishi vya wakati. Tazama tofauti zifuatazo:

(6) a. Haifunguki.
    b. Haijafunguka.
    c. Haikufunguka.
    d. Huzima.
    e. Imewaka ikazima.

Kati ya (6a) na (6b) kuna tofauti inayoweza kuiokoa mashini. Kiambishi -ja- huacha mlango wazi: jambo halijawa, lakini linatarajiwa. Mfumo unaposasishwa huweza kuchukua muda mrefu huku kioo kikionyesha maandishi ya kungoja. Mtu anayeiita hali hiyo "haifunguki" hushawishika kushikilia kitufe na kuizima kwa nguvu, na kukatizwa kwa usasishaji ni mojawapo ya sababu za mfumo kuharibika. Anayesema "haijafunguka" ataichomeka chaja na kungoja.

Sentensi (6c) hutaja tukio moja lililopita. Mwulizaji atataka kujua kilichotokea kabla yake, kama vile maji kumwagika, mashini kuanguka au stima kukatika. Iwapo ni maji, mashini isiwashwe kabisa ili kujaribu, kwa kuwa stima ndani ya unyevu ndiyo inayounguza bodi, na si maji peke yake. Sentensi (6d), yenye hu- ya mazoea, hutaja hitilafu inayokuja na kuondoka, ambayo mara nyingi ni ya kiungo kilicholegea. Sentensi (6e), kwa kiambishi -ka-, huleta mfuatano usio na nafasi katikati: imewaka, mara ikazima. Mfuatano huo wa haraka hautokani na joto, kwa sababu joto huhitaji muda. Hutokana zaidi na chaja dhaifu, mguso usiofaa katika bodi, au ramu.

Yaonekana basi kwamba mfumo wa nyakati, ambao mwanafunzi huufundishwa kama orodha ya viambishi vya kukariri, ni chombo cha kupimia. Mafundi wana mita yao ya kupimia stima. Mteja ana -ja-, hu- na -ka-.

6. KUFA KWA MASHINI

Pamoja na utajiri huo, usemi unaoenea kuliko wote ni huu:

(7) Kompyuta imekufa.

Sitiari ya kifo si mbaya yenyewe. Ubaya wake ni kwamba hufunga uchunguzi. Mashini iliyokufa haihojiwi, huzikwa au hurithiwa: huuzwa kwa bei ya vipuri, na pamoja nayo diski ambayo huenda ina tasnifu, picha za arusi au hesabu za duka. Kwa upande wa pili, fundi asiye mwaminifu hupenda sana neno hili, kwa kuwa mteja aliyekwisha kulitamka hatauliza ni sehemu gani iliyokufa. Mteja anayeweza kusema "yawaka, haionyeshi, yalia mara tatu" halaghaiwi kwa urahisi, maana ametoa maelezo yanayoweza kuthibitishwa na fundi wa pili. Umiliki wa kitenzi hapa ni ulinzi wa mali.

7. SUALA LA ISTILAHI

Huweza kupingwa kwamba maneno yaliyojadiliwa ni ya mtaani, na kwamba istilahi hutakiwa kuwa na maana moja iliyowekwa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Waka, pakia na zima hazikupewa maana za kiufundi na kamati. Zilizipata kazini, kama stima ilivyozipata zake. Kazi ya mwanaistilahi ni kuzikuta zilipo, kuzipambanua, na kuzipatia mipaka.

Njia hiyo si ngeni Mombasa. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, anakumbukwa na wengi kwa neno runinga, na kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa waundaji wa majina. Lakini katika Sambo ya Kiwandeo (1979) alihifadhi kwa utenzi msamiati wa ujenzi wa jahazi, na katika Umbuji wa Mnazi (1985) akauhifadhi ule wa mnazi na matumizi yake. Vitabu hivyo vilianzia kwa watenda kazi na kazi yao; jina la kitu hupatikana humo pamoja na tendo lake. Msamiati wa mafundi wa kompyuta haujapata mkusanyaji wa namna hiyo.

Tafsiri za programu, kwa upande wake, zimekwenda mbali. Jambo OpenOffice, iliyotokana na kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa mwaka 2004, na Windows na Office zenye kurasa za Kiswahili zilifuata katika muongo huohuo. Lakini tafsiri hizo humhudumia mtu ambaye mashini yake imekwisha kuanza. Anayeshindwa katika hatua ya kwanza au ya pili hana ukurasa wowote wa kusoma, kwa kuwa kioo chake ni cheusi. Maelezo anayoyahitaji ni lazima yawe kinywani mwake au katika karatasi.

Kutokana na uchambuzi huu, matumizi yafuatayo yanapendekezwa kwa waandishi wa vitabu vya kiada na vya maelezo: haiwaki, kwa mashini isiyo na dalili ya stima, haiwashiki, kwa mashini yenye stima isiyoitika kitufe, haionyeshi, kwa iliyowaka bila picha, haipakii, kwa ambayo mfumo haupatikani, imeganda, kwa iliyokwama katikati ya upakiaji, haiamki, kwa iliyolala, na inajizima, kwa inayojikata yenyewe. Neno haifunguki libakizwe kwa kifuniko, na imekufa isitumike ila baada ya uchunguzi.

8. HITIMISHO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo hupimwa bungeni na mahakamani, lakini hupimwa vilevile mbele ya meza ya fundi, pale mtu anapotakiwa kueleza hitilafu kwa usahihi unaotosha kuokoa kazi yake. Katika kipimo hicho lugha haikukosa kitu. Ina waka na washika, ina -ja- na -ka-, ina -ji- inayotofautisha kilichozimwa na kilichojizima. Kinachosalia ni kwa idara za lugha kuvipeleka vitenzi hivi katika mafunzo ya ufundi na katika kamusi za istilahi, ambako hadi sasa majina yamepewa viti vya mbele na vitenzi vimesimama mlangoni.